Mjusi anatembea darini kichwa chini, kwanini kashindwa kutoka kwenye sufuria ya nonstiki? (Tujadili kukwea kwa ujumla)

KijanaWaTabata, saa 12:40 jioni
Wakuu habari za jioni. Mama kaenda kwenye kikao cha vikoba, nimeingia jikoni nipashe wali nakuta mjusi kadumbukia kwenye sufuria ya nonstiki, ile ndefu, na iko kavu kabisa. Anapanda ukuta wa sufuria hatua mbili anateleza, anapanda anateleza, kama gari kwenye matope ya masika. Sasa huyu huyu kila usiku yuko darini kichwa chini anawinda wadudu kwenye taa na sijawahi kumuona anadondoka. Nimemuacha humo kwanza nawauliza nyie wajuzi, hii imekaaje?

BintiMbagala, saa 12:44
Hahaha yaani mtu una njaa na bado unafanya utafiti. Mtoe huyo mdudu kabla mama hajarudi.

KijanaWaTabata, saa 12:45
Mjusi sio mdudu dada.

Kiroboto_wa_Kijiweni, saa 12:47
Naweka kambi hapa. Ngoja waje wenye elimu zao. Mi najua tu miguu yake ina gundi.

MwlFizikia_Temeke, saa 1:05 usiku
Mkuu Kiroboto hapana, gundi haipo hata tone. Ingekuwa gundi, vumbi la Dar lingeshajaa miguuni wiki moja tu na angekuwa anatembea chini kama kuku.

Ukimuangalia mjusi vidole vyake kwa chini utaona mistari mistari kama ya tairi. Ukiiweka kwenye hadubini kali, kila mstari umejaa vinyweleo. Yule mjusi mkubwa wa Asia anaitwa tokay, mguu wake mmoja una vinyweleo kama 500,000 hivi, na kila kinyweleo kinachanuka kwenye ncha kuwa mamia ya vijinyweleo vidogo zaidi vyenye vichwa bapa kama mwiko. Mwaka 2000 Kellar Autumn na wenzake huko Marekani walifanikiwa kupima nguvu ya kinyweleo kimoja peke yake, mwaka 2002 wakaonyesha kwamba kinachoshika ni nguvu zinaitwa van der Waals. Kwa lugha ya mtaani: elektroni, vile vichembe vya umeme vilivyomo kwenye kila kitu, haziko tulivu, zinayumba yumba, zikiyumba upande huu zinafanya za jirani nazo ziyumbe, vitu viwili vinavutana kidogo sana. Mvuto huo ni wa kudharaulika na unafanya kazi vitu vikiwa vimekaribiana mno, ila ukiuzidisha kwa mamilioni ya ncha unapata mjusi darini. Walipiga hesabu kwamba tokay angeweza kubandika vinyweleo vyake vyote kwa mpigo angebeba kama kilo 130, na mwenyewe hata robo kilo kwa kawaida hafiki.

Sasa sufuria yako. Nonstiki ni Teflon, ile ina fluorini kwa nje na fluorini ni bahili, elektroni zake imezikamata haziyumbi. Hakuna wa kuvutana nae. Ndo maana yai halishiki, na mjusi nae ni yai tu kwa Teflon.

Kiroboto_wa_Kijiweni, saa 1:09
"Mjusi nae ni yai tu kwa Teflon." Mwalimu hapo umeua.

BintiMbagala, saa 1:12
Swali mwalimu, kama anashika hivyo anabanduaje mguu sasa? Maana anakimbia kama mwizi

MwlFizikia_Temeke, saa 1:20
Swali zuri kuliko la mwenye uzi. Vile vinyweleo vimelala upande mmoja. Akikanyaga na kuvuta kidogo kwa chini vinashika, akibadilisha pembe vinaachia vyenyewe. Muangalie vizuri, hainui mguu kama sisi, anaanza kukunja ncha za vidole kwa juu kama unavyobandua plasta kuanzia pembeni. Kwahiyo uzito wake mwenyewe ndio unaomshikisha ukutani. Hadi akifa anaendelea kushika, mwaka 2014 kuna watafiti walipima mijusi waliokufa wakakuta nguvu ni ile ile.

KijanaWaTabata, saa 1:24
Kwahiyo nikitengeneza glavu za vinyweleo napanda jengo la PSPF mpaka juu?

MwlFizikia_Temeke, saa 1:31
Tatizo lako mwili. Ukimkuza mnyama mara 10 kwa urefu, eneo la nyayo linakua mara 100 ila uzito unakua mara 1,000. David Labonte na wenzake wa Cambridge walilipigia hesabu hili 2016: utitiri unahitaji sehemu ndogo mno ya mwili wake kuwa ya kunata, mjusi kama asilimia 4, binadamu angehitaji asilimia 40 ya ngozi yake yote. Au viatu namba 145 za Ulaya. Sijui utavinunua Kariakoo duka gani.

Ila kuna aliyejaribu akaweza. Elliot Hawkes, alikuwa Stanford, 2014 alipanda ukuta wa kioo mita 3.7 akiwa na uzito wa kilo 70 kwa vibao viwili mkononi. Hakuwa na mshiko bora kuliko wa mjusi. Alichofanya ni kukigawa kila kibao vipande 24 na kuviunganisha ili kila kipande kibebe mzigo sawa. Maana ukibandika kipande kikubwa kimoja, sehemu moja inabeba kuliko nyingine, inabanduka, mzigo unahamia kwa jirani, nae anabanduka, umeisha.

MkweziMstaafu, saa 1:50
Nimesoma huu uzi mpaka nimeweka chai chini. Mimi nimekwea minazi Kigamboni mpaka Kimbiji huko miaka 22, nimeacha kwa sababu ya goti. Hayo ya elektroni siyajui ila hilo neno la mwalimu kwamba uzito wake mwenyewe ndio unamshikisha, hilo nalijua kwa mwili.

Kijana akija kujifunza kukwea kitu cha kwanza anachofanya ni kuukumbatia mnazi. Kifua kwenye gome, mikono imezunguka kama kamkuta mchumba. Anapanda mita mbili anaanza kuteleza anachubuka kifua chote. Marehemu mjomba alikuwa ananipigia kelele toka chini, "jitoe wewe, jitoe, mti haukupendi!" Maana yake nyoosha mikono, toa makalio nje, kaa mbali na mti. Mtu wa chini akikuangalia anaona kama unataka kuanguka. Na wewe mwenyewe ukiwa mgeni roho inakataa kabisa, yaani uko mita 12 unaambiwa ujiachie kwa nyuma. Lakini ukijitoa hivyo nyayo zinauma mti, hazitelezi. Ukiogopa ukajibana, nyayo zinakosa kazi, unateleza. Woga ndio unaangusha watu zaidi ya mti wenyewe, hilo nimeliona kwa macho.

Kuna wanaokwea na kamba ya miguuni, kitanzi kifupi kinachounganisha miguu miwili, unaikamatisha nyayo pande mbili za mti. Miguu ikitaka kuteleza inavuta kamba, kamba inakaza, miguu inabana zaidi. Na kuna wanaokata vidato. Mimi vidato sikuvipenda, maji ya mvua yanakaa mle, mti unaoza, ila mgema anayepanda mnazi ule ule asubuhi na jioni kila siku bila vidato atakufa mapema.

BintiMbagala, saa 1:54
Subiri subiri. Vidato??

MkweziMstaafu, saa 1:58
Ndio binti yangu, zile ngazi zinazochongwa kwa panga kwenye gome uweke kidole gumba. Kimoja kinaitwa kidato. Kwani nyie kidato cha kwanza mpaka cha sita mlidhani neno limetoka wapi?

BintiMbagala, saa 1:59
Nimekaa kwenye kiti cha plastiki nimeshika kichwa. Miaka minne Form Four kumbe nilikuwa nakwea mnazi.

Kiroboto_wa_Kijiweni, saa 2:01
Na wengine tulidondoka kidato cha pili bila kamba ya miguuni

Injinia_Mtarajiwa, saa 2:15
Shikamoo mzee Mkwezi. Nasoma uhandisi mwaka wa tatu, naomba nimtetee mjomba wako maana alikuwa sahihi kwa asilimia mia. Msuguano unategemea unavyoukandamiza mti. Ukijibana, uzito wote unaelekea chini tu na miguu haiukandamizi mti. Ukijitoa, mwili unataka kubetuka kwa nyuma, mikono inavuta mti kuja kwako, na lazima miguu iusukume mti kwa nguvu hiyo hiyo, vinginevyo ungejigonga. Kwahiyo unakuwa umeugeuza uzito wako kuwa mkandamizo.

Hii inategemea pia unene wa mti. Mti mwembamba mikono inazunguka zaidi ya nusu, unaweza kubana. Mti mnene kama mbuyu mikono haifiki, ukibana unajisukuma nje mwenyewe. Hapo inabidi uwe na makucha kama paka, au kamba ndefu, au ufanye kama Wahadzabe kule Eyasi wanapigilia vigingi kwenye mbuyu mpaka juu kufuata asali.

Na kifundo cha mguu. Mwaka 2013 kuna utafiti wa akina Venkataraman, Kraft na Dominy, walikwenda kwa Watwa wa Uganda wanaokwea kufuata asali na Waagta wa Ufilipino, wakawalinganisha na majirani zao wakulima wasiokwea. Hao wakwezi wakiwa kwenye mti wanakunja mguu unakaribia kugusa muundi, pembe ambayo mimi na wewe tungevunjika. Mifupa iko kama yetu tu, tofauti waliikuta kwenye msuli wa shavu la mguu, nyuzi zake ni ndefu zaidi, na inaelekea ni kwa sababu ya kukwea toka utotoni. Hii iliwasumbua wanaosoma mabaki ya binadamu wa kale, maana walikuwa wanaangalia mfupa wa kifundo wanasema huyu alikuwa wa kutembea chini hakukwea. Kumbe kwenye mfupa huwezi kuliona.

MkweziMstaafu, saa 2:22
Marahaba mwanangu. Hiyo ya kifundo ni kweli, mpaka leo mguu wangu wa kulia nikichuchumaa fundi viatu wa hapa mtaani ananishangaa. Wa kushoto ndio ulivunjika.

KijanaWaTabata, saa 2:23
Ulianguka mzee?

MkweziMstaafu, saa 2:30
Mara moja. Masika, asubuhi, mti una ukungu wa kijani upande usiopigwa jua. Na sikuanguka wakati wa kupanda, nilianguka wakati wa kushuka, kama mita nne hivi. Kupanda unaona unapokwenda mkono kwanza, kushuka mguu unatafuta gizani. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, hawakusema anashukaje.

MwlFizikia_Temeke, saa 2:36
Muulize paka. Makucha yake yamepinda upande mmoja, yanafaa kupanda tu, akishuka kichwa mbele hayashiki kitu ndo maana anabaki juu analia. Kindi yeye anazungusha nyayo za nyuma zinaangalia nyuma, anajitundika nazo, anashuka kichwa chini kama hajui mambo ya mvutano wa dunia. Ukiona simba wa Manyara kwenye mti ujue kupanda kwake ni kazi na kushuka ni aibu.

Injinia_Mtarajiwa, saa 2:41
Na kwetu huku kuna sokwe wa bonde la Issa, magharibi ya Tanzania, sehemu ina miti michache michache na nyasi. Utafiti wao ulitoka 2022. Watu walitegemea sokwe wakiwa sehemu ya wazi watasimama zaidi kwa miguu miwili chini. Ikawa kinyume, zaidi ya asilimia 85 ya mara walizosimama wima walikuwa juu ya miti, wameshika tawi kwa mkono wanachuma. Kwahiyo huenda kusimama kwetu kulianzia kwenye kukwea. Nasema huenda, wataalamu bado wanagombana.

MamaPasheni_Goba, saa 2:50
Jamani na mimi nichangie, siko kwenye miti mikubwa. Nina pasheni kwenye fensi, kila siku naangalia vile vikono vyake vyembamba vinavyojizungusha kwenye waya. Mmea hauna macho, unajuaje waya uko wapi? Na kwanini kikishashika kinajikunja kama springi, tena katikati ya springi kinageuza upande? Nimeona kwa macho yangu, nusu kimezunguka hivi, nusu kimezunguka vile. Mume wangu anasema ni ugonjwa.

MwlFizikia_Temeke, saa 3:10
Mwambie shemeji sio ugonjwa, ni hesabu. Na hongera kwa jicho hilo, Darwin mwenyewe alikaa akiangalia hicho hicho, akakiandikia 1865.

Kikono kikiwa bado hakijashika kinachora duara hewani taratibu, kinapapasa kama mtu anatafuta swichi usiku umeme umekatika. Kikigusa kitu, upande wa pili usiogusa unarefuka kuliko uliogusa, kwahiyo kinapinda kuelekea kwenye kitu. Kuna aina za pasheni zinaanza kupinda chini ya dakika moja baada ya kuguswa. Mguse na kijiti halafu umsubiri.

Kugeuza katikati: chukua kamba, shika ncha zote mbili usiziachie, muombe mtoto ajaribu kuizungusha katikati iwe springi. Haiwezekani upande mmoja tu, maana ncha zimefungwa, mzunguko wowote wa kulia lazima ulipwe na wa kushoto. Basi mmea unaweka kona katikati, nusu kulia nusu kushoto, jumla sifuri. Faida yake upepo ukija springi inanyooka kidogo badala ya kukatika, na mmea unavutwa karibu na fensi.

Halafu kuna mimea ya kujizungusha yenyewe shina zima, kama maharage ya kupanda na viazi vikuu. Mingi sana duniani inazunguka upande mmoja, haijalishi iko kaskazini au kusini ya ikweta. Ila viazi vikuu vinatofautiana aina kwa aina, kuna vya kulia na vya kushoto, wataalamu wanatumia hilo kuvitambua. Pilipili manga yeye anatoa vijizizi vya kushikia kwenye mti. Wote ni wajanja, hawajengi shina nene la kujibeba, wanamtumia mwenzao kama nguzo.

Kiroboto_wa_Kijiweni, saa 3:14
Hao nawajua, wako wengi mjini hapa. Mmoja yuko kwenye kochi langu toka Januari.

Injinia_Mtarajiwa, saa 3:20
Kuongezea, kuna ndugu yake lile monstera la maofisini, huko Costa Rica, mbegu yake ikiota chini ya msitu haifuati mwanga kwanza. Inatambaa kuelekea gizani! Kwa sababu kwenye giza kubwa ndiko kuna shina la mti mnene. Ikishaligusa ndio inageuka kufuata mwanga juu. Strong na Ray waliandika hilo 1975. Mi nilivyosoma hii nililala nimechelewa.

KijanaWaTabata, saa 3:26
Injinia tuambie za roboti basi, zimefika wapi? Mzee Mkwezi tumpumzishe tuweke mashine.

Injinia_Mtarajiwa, saa 3:45
Wengi wamekopi tu haya tuliyosema. Stanford 2006 walitoa Stickybot, roboti ya umbo la mjusi, inapanda kioo kwa nyayo za mpira zenye vinyweleo vilivyolala upande mmoja. NASA wana LEMUR ya kupanda miamba, miguu yake imejaa mamia ya ndoano kama za kuvulia samaki, kila ndoano inatafuta kijishimo chake. Ambayo naipenda mimi ni ile waliyotoa 2017, Hawkes yule yule wa kioo na wenzake. Haitembei. Ni mrija wa plastiki laini uliokunjwa ndani nje kama soksi, ukipuliza hewa unajigeuza kutokea nchani, unakua kama mmea. Ulifika mita 72. Uzuri wake pembeni hausuguani na kitu, maana kilichotoka kimetulia, kinachosogea ni ncha tu. Unapita kwenye misumari, kwenye gundi, kwenye kifusi.

Za minazi zipo pia, India kuna inaitwa Amaran, inajifunga kama pete kwenye shina na magurudumu, ina mkono wa kukatia, mtu yuko chini na rimoti. India wakwezi wamepungua sana, bodi yao ya minazi ilianza kufundisha vijana kukwea kwa mashine za miguu toka 2011.

MkweziMstaafu, saa 3:58
Sawa. Nauliza tu. Mnazi chini mnene juu mwembamba, hiyo pete inajikaza yenyewe? Mnazi uliolalia bahari unaenda nao? Ikifika juu, itajua ipi kitale, ipi dafu, ipi koroma, ipi nazi? Maana mteja akitaka madafu ukamshushia koroma halipi. Mimi nilikuwa naangalia rangi, nikipata shaka nagonga na kidole nasikiliza. Na nyuki je? Kuna mwaka nilikuta nyuki juu nikashuka bila kuhesabu vidato.

Injinia_Mtarajiwa, saa 4:02
Mzee, pete inajikaza, hilo wameliweza. Mengine hapo uliyouliza ni projekti yangu ya mwaka wa nne, naomba nikutafute.

MkweziMstaafu, saa 4:03
Njoo na sukari kilo mbili.

DalaliWaKariakoo, saa 4:10
Nimechelewa. Mimi ofisi yangu ghorofa ya kumi, lifti imekufa mwezi wa pili huu, mwenye jengo kila siku "fundi yuko njiani". Nilidhani walau nitakonda, sikondi. Sayansi inasemaje?

MwlFizikia_Temeke, saa 4:18
Pole. Kilo 70 kupanda mita 30 ni kama kalori 5 za kazi halisi, misuli yetu inatumia kama mara nne yake, piga 20. Hiyo ni sukari ya kijiko kimoja cha chai na ushee. Umekula chapati mbili ukifika juu? Umeshaingia hasara. Na usidhani mnyama mdogo anapata nafuu, kuna utafiti wa 2008 kwa nyani na jamaa zao wa saizi tofauti, kilo kwa kilo kupanda kuliwagharimu sawa, mdogo kwa mkubwa.

BintiMbagala, saa 4:25
Jamani MJUSI. Mwenye uzi umemtoa?

KijanaWaTabata, saa 4:27
Yupo bado, kachoka kakaa katikati ananiangalia. Roho inaniuma.

MwlFizikia_Temeke, saa 4:31
Kabla hujamtoa jaribu kitu. Mwagia maji kidogo kwenye kuta za ndani. Kwenye kioo maji yanamuharibia mjusi kabisa, anateleza. Kwenye Teflon walipima 2013 ikawa kinyume, ikilowa anashika vizuri kuliko ikiwa kavu. Teflon haipendi maji na nyayo zake hazipendi maji, kwahiyo wakikutana maji yanafukuzwa wanabaki wenyewe wawili.

KijanaWaTabata, saa 4:33
Nakwenda kujaribu, nimewasha na kamera ya simu

KijanaWaTabata, saa 4:52
Wakuu nimemwagia. Kapanda hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, hajateleza, kafika karibu na mdomo wa sufuria kabisa mkono wangu unatetemeka narekodi, mara mlango wa jikoni, mama. Kaona sufuria yake ya sikukuu, maji, mjusi, na mimi na simu. Sufuria imetupwa uani ikiwa na mjusi ndani. Vidio imeishia kwenye kanga yake. Mjusi sasa hivi yuko kwenye ukuta wa choo cha nje anakula kumbikumbi, mimi niko nje nae.

BintiMbagala, saa 4:54
Na wali?

KijanaWaTabata, saa 4:55
Wali uko ndani.